Mgongo kwa Mgongo na Mama Mkwe

Niliteremka Mto Molo kwa boti ya mpira, kutoka chini ya Mogotio hadi karibu na Ziwa Baringo, na kila jabali la mto ule nililiona baada ya kulipita. Nilikuwa nimekaa kinyumenyume. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hucheka na kuniuliza kama nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa mkwe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa zile mvua ndefu ambazo siku hizi zinakuja zikitaka na kukaa nyumbani zisipotaka. Nilikuwa kibarua wa kupima maji, makao yetu yakiwa Nakuru. Bwana wetu alikuwa mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, mpole, mpenda chai kupita kiasi. Alitumwa aufuate mto ukiwa umefura ili ajue maji yanafika wapi na mfereji wa mashamba ungeweza kuchimbwa upande gani. Kwa kuwa hakuna gari lililoweza kupita kule chini, alijipatia boti kubwa ya mpira iliyobaki baada ya vita, ya rangi ya majivu, yenye viraka hapa na pale. Wa tatu wetu alikuwa Sajini. Huyu alikuwa mzee wa mtaa wa Bondeni, Mwislamu wa mjini, aliyepigana Burma na kuvuka mito ya huko kwa boti za namna ileile. Cheo chake cha kweli sikukijua. Sajini tulimwita sisi, naye hakukataa.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuifurahia kazi ile. Kwetu ni kule chini, nyanda za joto kabla ya kufika ziwani, na mke wangu alikuwa huko nyumbani kwa baba yangu, ana mimba yetu ya kwanza. Mwezi wake ulikuwa umefika. Hali ya Hatari ilikuwa imebana ruhusa za watu kuzunguka, mvua nayo ikabana barabara, na mimi nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. Nikaona mto umejitolea kunipeleka.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa ukingoni tukiijaza boti upepo kwa pampu ya mguu. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya kichaka. Nikakijua kile kikohozi. Nikageuza uso mara moja nikatazama maji.

Lazima nieleze hapa, maana vijana wa sasa wanakumbatiana na mama wakwe zao stesheni za basi. Kwetu, wakati ule, mtu na mama mkwe wake walikuwa na heshima nzito kati yao. Humtazami usoni. Humpi mkono. Huli akikuona, naye hali ukimwona. Jina lake hulitamki. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Kama kuna neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Si chuki, jamani. Alikupa binti yake, na kitu kikubwa namna ile hukizoei haraka.

Basi mama mkwe wangu alikuwa amekuja. Aliishi jirani, kwenye shamba la katani alikofanya kazi baba mkwe, na hapo ndipo alipookota Kiswahili chake. Alikuwa na goti bovu na fimbo, na kibuyu cha maziwa begani. Alisimama nyuma ya kichaka, akamwita Sajini.

"Mzee, lori haiendi chini. Mito yote imejaa. Na hii goti haiwezi kutembea. Iko nafasi kwa hiyo kitu yenu?"

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa binti yangu. Mwezi yake imefika." Akaiegemea fimbo yake. "Nilikuwa nao wawili. Yule mkubwa alikufa akizaa. Waliniita nikachelewa. Nilifika wakirudisha udongo kaburini. Huyu ndiye amebaki, na mimi najua kazi ya kuzalisha, nimezalisha watoto wa shamba mzima. Sitaki kuchelewa tena."

Nilisikia yote hayo nikiwa nimewapa mgongo, mguu wangu ukiwa juu ya pampu. Nilijua mke wangu alifiwa na dada. Sikujua alifiwa hivyo. Nikawa nasukuma pampu hata baada ya boti kujaa, mpaka bwana akaniambia basi, itapasuka.

Sajini akaenda kumwombea. Bwana alijikuna shingo, akasema sheria haimruhusu, akamtazama yule mama na goti lake, akajikuna tena. Mwishowe akasema boti ilikuwa nyepesi katikati, ilihitaji mtu wa pili wa kuituliza. Hapo akaanza kutupanga kama mizigo.

"Sajini kaa nyuma, piga kasia. Mimi mbele. Wewe kaa hapa katikati. Mama kaa hapa, karibu na wewe. Boti iko sawasawa."

Alitupangia ubao mmoja, bega kwa bega! Nilihisi masikio yanawaka. Mama mkwe alisimama ufukoni na kizibao cha kuelea alichovishwa juu ya shuka lake, akitazama mbingu. Sajini alijaribu kueleza, na bwana, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, akasema, "Lakini huyu si ni mama yake?" Hilo lilifanya mambo yawe magumu zaidi.

Mama mkwe ndiye aliyetoa shauri. Alimwambia Sajini kwamba yeye atakaa akitazama mto unakokwenda, na yule mtu akae akitazama unakotoka. Ubao ukawekwa mzigo katikati, gunia la unga na sanduku la vyombo, nasi tukakaa mgongo kwa mgongo. Hivyo ndivyo tulivyoondoka Mogotio.

Kazi yangu ilikuwa upondo, ule mti mrefu wa kuisukuma boti isigonge mawe. Jaribu kusukuma mawe usiyoyaona! Mbele yangu alikuwa Sajini peke yake, nikaanza kuusoma mto kwenye uso wake. Akikunja midomo, kulikuwa na kona. Akifumba jicho moja, mteremko. Akianza kusoma dua, nilishika kamba. Boti ilikuwa ikiinama mbele, tumbo langu likibaki juu, kisha maji ya rangi ya chai ya maziwa yanatupiga mgongoni, yaani mgongoni mwangu, maana mama alikuwa akipigwa usoni. Hakupiga kelele hata mara moja. Mto ulipotulia nilimsikia akikamua shuka lake.

Yeye aliona kila kitu kabla yetu. Miaka yote ya kuchota maji mtoni ilimpa jicho la mto. Ila hakuweza kuniambia mimi. Alisema, "Sajini, ambia huyo mtu iko jiwe, mkono ya kushoto." Sajini akaniambia, "Jiwe, kushoto." Mimi nikafikiri: kushoto kwake au kwangu? Nikasukuma. Mara nyingi tulibahatika.

Tulilala kwenye michanga ya ukingoni, chini ya migunga. Bwana alipima kina cha maji hadi giza likamfukuza, na mama alikasirishwa sana na kupima huko.

"Sajini, uliza huyo mzungu, maji anayopima leo si kesho itakuwa imeenda?"

Sajini hakuuliza. Alikuwa amechoka na ukarani wa maneno. Jioni ile nilikuwa nimekwenda kula ugali wangu nyuma ya kichaka, nao wakala wao karibu na moto, niliporudi nikakaa nimewageuzia mgongo. Nikamsikia mama akisema kitu kwa sauti ndogo. Sajini akanigeukia.

"Mama yako anasema anakupenda kama mwanawe wa kumzaa."

"Sikusema hivyo!" mama akaruka. "Nilisema asogee, shati yake itaungua!"

"Ni yaleyale," Sajini akasema. "Mimi naongeza chumvi kidogo tu."

Nilicheka hadi nikapaliwa. Na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla. Mama mkwe wangu alikuwa anacheka, amejifunika mdomo kwa shuka. Kicheko chake kilikuwa cha mke wangu kabisa. Nilimkumbuka mke wangu hadi nikaona haya, mwanaume mzima.

Kesho yake mvua ilinyesha huko juu, milima ya Mau ikawa nyeusi, na maji yakaongezeka huku sisi tukiwa juani. Bwana alifurahi. Alisema haya ndiyo maji aliyoyataka. Kila mahali pazuri alitaka tusimame apime, na kila aliposimama nilimsikia mama akipiga fimbo yake kwenye ubao, taratibu, tap, tap, tap. Mimi nilipiga vidole kwenye upondo. Hatukupanga, lakini tulikuwa tunapiga pamoja.

Tulipofika bonde jembamba, kuta za mawe pande zote, mto ulianza kuunguruma. Uso wa Sajini ulinieleza mengi. Midomo ilikunjika, jicho likafumba, dua ikaanza, vyote pamoja. Tukashuka mteremko wa kwanza, tukashuka wa pili. Bwana alikuwa akipiga kelele za furaha kule mbele, na Sajini akimpigia kelele akae chini.

Hapo ndipo mama alipoona jabali. Alinisimulia mwenyewe baadaye kidogo, nitafika hapo. Jabali lilikuwa limefunikwa na maji, lilionekana mgongo tu, na lilikuwa upande wa upondo wangu. Angenipigia kelele neno moja katika lugha yetu, ningesukuma na tungepita. Lakini yeye alikuwa mtu wa heshima. Alisema, "Sajini, tafadhali, ambia huyo mtu…" Sajini alikuwa bado anagombana na bwana. Akarudia, kwa adabu ileile, "Sajini, ambia huyo mtu…" Na mimi nilikuwa nimesikia! Nilisikia wazi kwamba kuna kitu, nikamtazama Sajini aniambie ni kitu gani, kwa sababu haikuwa adabu kumjibu yeye. Watu wazima wawili, kifo kiko mbele, na tunamsubiri karani.

Boti ilipanda jabali kwa ubavu, ikasimama, ikapinduka.

Maji yalikuwa baridi na yamejaa mchanga. Nilipotoa kichwa niliona kile kizibao cha kuelea kikizunguka, na ndani yake shuka, na mkono mmoja juu. Sikufikiri lolote kuhusu heshima. Naweza kudanganya kwamba nilisita. Sikusita. Nilimshika mkono, mkono wenyewe, kiganja kwa kiganja, nikamvuta, tukavingirishwa pamoja na mto kama magunia hadi ukatutupa kwenye mchanga, upande wa kwetu, Mungu ni mwema.

Nilipoona anapumua, nikamwachia mkono kama niliyeshika kaa la moto, nikageuka kutazama ukuta wa mawe. Nyuma yangu alikuwa anakohoa, anakohoa. Kiganja changu kilikuwa bado kinausikia mkono wake, mdogo na mgumu, na sikujua nikiweke wapi.

Bwana na Sajini walitokea upande wa chini, wakiwa wameishikilia boti iliyonasa kwenye mti. Bwana alikuwa amepoteza kofia na fimbo zake za kupimia. Sajini alikuwa ameteguka bega. Boti ilikuwa imechanika, ya kushonwa na kubandikwa kwa siku nzima ama zaidi. Kutoka pale hadi nyumbani kwetu ulikuwa mwendo wa nusu siku kwa mtu mwenye miguu mizima. Bwana akaniambia niende, yeye na Sajini watashughulika na boti, na akasema samahani, mara nyingi, akimwangalia mama.

Mama aliinuka, akachukua hatua na goti likamwangusha. Akainuka tena. Likamwangusha. Goti lilikuwa limevimba likawa kama kibuyu.

"Ningembeba mimi," Sajini akasema, ameshika bega lake, "lakini mnaona."

Nilikuwa bado natazama ukuta. Akilini nilimwona mke wangu amelala nyumbani kwetu, anatazama mlangoni. Nikamwona na yule dada yake ambaye sikuwahi kumjua. Halafu nikasikia mama mkwe wangu akisema nami, moja kwa moja, katika lugha yetu, bila Sajini, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Inama."

Nikainama. Akapanda mgongoni.

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na hakunyamaza hata dakika moja. Ilikuwa kana kwamba maneno yote aliyonyimwa kuniambia yalikuwa yamewekwa akiba. Alinieleza habari za jabali, akaniomba msamaha, nami nikamwomba wangu. Alinieleza kwamba mke wangu alipokuwa mdogo aliogopa vyura, na kwamba alikuwa akificha chakula ndani ya nguo ili ampelekee dada yake malishoni. Alinieleza jinsi binti yake alivyomkataa mchumba mmoja mwenye ng'ombe wengi kabla yangu, jambo ambalo mke wangu hakuwahi kunieleza, nami nikatembea nalo maili nzima kwa furaha. Kisha akaanza habari za yule mkubwa. Alisema mto ulikuwa umejaa siku ile pia, akakaa ukingoni akisubiri upungue, na watu walimwambia kesho, kesho. Alipovuka hakuonyeshwa hata uso wa binti yake.

"Nilijua kazi," alisema. "Nilikuwa na mikono na sikuwa hapo."

Machozi yake yaliniingia shingoni. Mimi nilikuwa nimemshika miguu kwa mikono yote miwili, machozi yangu yakaanguka tu bila kufutwa.

Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi walituona kwanza, wakakimbia kutangaza. Tulipoingia boma, wanawake walikuwa wamesimama mikono midomoni. Baba yangu alitoka, akaona mwanawe amembeba mama mkwe mgongoni mchana kweupe, akarudi ndani. Baadaye wazee walitaka kuniita kikao, na mama akawatumia jibu kwamba hakubebwa na mtu, aliletwa na maji, na mwenye shauri akaushitaki mto. Hawakuniita.

Lakini wakati ule hakuna aliyejali, maana kutoka nyumbani mwangu nilisikia mke wangu akilia kwa uchungu. Ulikuwa umemshika tangu asubuhi, na wanawake waliokuwa naye walikuwa na nyuso ambazo sikuzipenda. Mlangoni mama akasema, "Nishushe." Nikamshusha. Akaushika mlango, akaingia akiburuta mguu, na hakugeuka nyuma.

Usiku ule sitausimulia. Niliutumia wote uani, na nisingependa kuurudia hata kwa maneno.

Alfajiri mtoto alilia. Sauti yake ilikuwa ya hasira, ya mtu aliyecheleweshwa, nikaipenda papo hapo. Nikasubiri sauti ya mama yake. Haikuja. Wanawake walitoka na maji, wakaingia na maji, nilipowauliza wakasema subiri. Jua likapanda. Mtoto akalia tena, akanyamaza. Nikauliza tena, wakasema subiri. Nilianza kuelewa jinsi mtu anavyokaa ukingoni akiambiwa kesho, kesho. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja kwenda kulala, hakuna aliyekuwa na la kuniambia, na uani nikabaki mimi peke yangu.

Mlango ukafunguka. Nikasikia fimbo ya kuazima, maana yake ilikwenda na mto, na mguu unaoburutwa. Nikageuka haraka nikampa mgongo, na kwa mlio wa fimbo nikajua naye amegeuka akanipa wake. Yaliyotokea mtoni yalikuwa ya mtoni. Tulikuwa tumerudi nyumbani, na kwa miaka yote aliyoishi hatukutazamana tena.

Lakini alikuwa na neno, na hapakuwa na mtu wa tatu. Sajini alikuwa mbali akishona boti. Palikuwa na ghala la mahindi tu, katikati yetu.

"Ewe ghala," mama mkwe akasema, "mwambie huyo mtu kwamba binti yangu amefungua macho. Ameomba uji. Mwambie amemaliza bakuli, na sasa ananigombeza eti nilimpa kidogo."

Nikajifuta uso kwa kiganja.

"Ghala," nikasema, "mwambie mama nimesikia."

Ghala halikusema kitu. Tukalia wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake.